Kaboya, Muleba: nendeni na jina kamili la ndugu yenu

Nimetoka Kaboya wiki mbili zilizopita na naandika sasa hivi kabla sijaanza kusahau, kwa ajili ya yeyote mwenye ndugu ambaye hakurudi kutoka vita ya Kagera na anajiuliza kama inafaa kufunga safari mpaka kule. Inafaa. Nimeweka nyota tano na nitaeleza kwa nini, ila pia kuna kosa tulifanya sisi na sitaki na nyie mlifanye.

Kwa wasiopajua, Kaboya ni kijijini huko Muleba, mkoa wa Kagera, ukitoka Bukoba unaelekea kusini. Ndipo walipozikwa askari wetu waliokufa vita ya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin. Makaburi yamepangwa kwa mistari na kuna mnara mweupe umeandikwa majina. Basi, ndo hivyo, hakuna mambo mengi, na mtu anayetaka sehemu ya kutembea na kupiga picha za kupendeza atasema mbona ni makaburi tu. Ni makaburi kweli. Lakini simama pale uanze kusoma jina moja moja kwa sauti uone kama utafika mbali kabla koo halijakukaba.

Nilienda na shangazi yangu. Kaka yake, yaani baba yangu mdogo, alikuwa jeshini vita ilipoanza, na nyumbani kwetu Singida ilikuja taarifa tu kwamba amefariki, mwili haukuja. Shangazi alikuwa binti mdogo wakati huo na mpaka leo anakumbuka redio ya jirani, watu wamejaa uani, Mwalimu Nyerere anaongea na wazee wa Dar pale Diamond Jubilee, ile hotuba ya tarehe 2 Novemba 1978 ya sababu tunayo, uwezo tunao na nia tunayo. Anasema watu walipiga makofi ila mama yao hakupiga, aliingia ndani akakaa kitandani kwa sababu tayari alikuwa ameshajua mwanae yuko kule. Hiyo sijawahi kuisoma kwenye kitabu chochote cha vita, nimeisikia kwa shangazi tukiwa kwenye meli.

Safari yenyewe, tulipanda basi Singida mpaka Mwanza (lilichelewa, tukafika tumechoka sana), tukalala, jioni yake tukachukua MV New Victoria tukaamkia Bukoba. Kwa mtu mzima meli ni bora kuliko kukaa kwenye siti siku nzima, analala, ananyoosha miguu. Bukoba mjini tukakodi teksi kwenda na kurudi kwa kuwa shangazi magoti yanamsumbua na sikutaka tuanze kubanana kwenye Hiace. Dereva alikuwa kijana wa kule kule, alivyosikia tunakwenda Kaboya akapunguza muziki mwenyewe bila kuambiwa, nikampenda hapo hapo. Njiani shangazi kila mara anasema hapa Ziwa Magharibi, hapa Ziwa Magharibi, mpaka dereva akamuuliza mama unasema wapi, ikabidi nimweleze kwamba mkoa ulikuwa unaitwa hivyo na jina la Kagera limekuja baada ya vita, 1979. Alikuwa hajui, na amezaliwa pale!

Sasa kumbukeni hili ni eneo la jeshi. Usiingie unakata kona unavyotaka wala usitoe simu na kuanza kurekodi, jitambulishe kwanza, sema umekuja kwa nani, uliza unaruhusiwa kufanya nini. Sisi tulipokelewa vizuri mno. Kijana askari alimwamkia shangazi shikamoo mama, akauliza umetoka mbali, shangazi akamjibu marahaba baba, nimetoka Singida kumwona kaka yangu. Sio kuona kaburi la kaka yangu. Kumwona kaka yangu. Yule askari hakusema kitu tena, akatuonyesha tu pa kupita.

Kosa letu ndo hili. Tulienda na jina la nyumbani. Familia nzima baba mdogo tunamwita kwa jina alilopewa na bibi, ndilo hata shangazi anamwombea nalo kila siku, basi tumezunguka, tumesoma, tumerudia, hamna. Shangazi akaanza kutetemeka, akasema labda hawakumwandika, labda alipotea huko Uganda, miaka yote hii nimekuwa nikijua amelala hapa kumbe. Nusu saa hivi ya namna hiyo, sitaki kuikumbuka. Mpaka nilipomuuliza shuleni alikuwa anaitwaje, akanyamaza, akataja jina ambalo mimi sijawahi kulisikia maisha yangu yote, la ubatizo, pamoja na la babu. Tukarudi kwenye mnara. Lipo! Shangazi hajui kusoma vizuri sana kwa hiyo nilimsomea mimi, halafu akaniambia nisome tena, nikasoma, akaweka kiganja pale kwenye maandishi akakaa nacho hapo muda mrefu.

Kwa hiyo jamani kabla hamjatoka nyumbani kaeni na wazee, ulizeni jina la jeshini, la shule, la ubatizo au la msikitini, jina la babu, yote yaandikeni kwenye karatasi.

Watu wananiuliza kwani majina yana nini, si kuna minara kila mahali. Mimi nimekaa Dar miaka na nimepita pale Askari Monument kila siku nikienda kazini. Ile sanamu ya shaba imesimama tangu 1927, askari ameshika bunduki yenye singe, na maandishi yapo kwa Kiingereza na Kiswahili, Kiswahili chenyewe kwa herufi za kawaida na za Kiarabu. Inawakumbuka Waafrika waliopigana na wapagazi waliobeba mizigo vita kuu ya kwanza. Maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na malaria porini, na jina la hata mmoja wao huoni pale. Mjukuu wa mpagazi akija leo pale mtaa wa Samora kwenye ile sanamu ataweka kiganja wapi? Ndo maana Kaboya naipa nyota tano na zote ni kwa ajili ya ule mnara wa majina. Waliondoka wakulima, polisi, askari wa magereza, mgambo ambao juzi yake walikuwa shambani, wakavuka mto Kagera, wakapigana Lukaya huko Uganda, wakaingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979, na ambao hawakurudi wameandikwa. Ukisoma unakutana na majina ya kila kona ya nchi hii.

Kuhusu siku ya kwenda, Siku ya Mashujaa ni 25 Julai kila mwaka na 2013 taifa liliadhimishia hapo Kaboya, Rais Kikwete alikuwepo, zikawekwa silaha za jadi, mkuki na ngao na vinginevyo. Nadhani kwa familia ni bora siku ya kawaida. Pametulia, hakuna anayekuharakisha. Beba maji, mwavuli (kule mvua haipigi hodi), na kama una mzee beba kastuli ka kukalia maana atataka kukaa sana.

Ukipata siku ya pili nenda Kyaka, njia ya Mutukula mpakani na Uganda. Daraja la Kyaka ndilo majeshi ya Amin walilolivunja walipodai mpaka wa Uganda ni mto Kagera, na juu ya kilima kuna magofu ya kanisa lililopigwa wakati huo. Sisi tulipita haraka, shangazi alikuwa ameshaona alichokuja kuona.

Kitu kimoja sijakisema. Tulipokuwa tunaondoka pale kwenye mnara akanivuta mkono, akaniuliza na huyu aliye karibu yake anaitwa nani. Nikamsomea. Akasema andika. Nikamwambia shangazi huyu hatumjui, akasema ndiyo, ila miaka yote hii amekaa na kaka yangu, huenda kwao nao wanamtafuta kwa jina la nyumbani. Nimeandika. Tangu turudi kila mgeni akiingia pale kwake, awe muuza dagaa au mtu wa kanisani, akishamkaribisha tu anamuuliza kama kwao kuna ukoo wa jina hilo.