Three-Mountain Pass ya Vân-Ánh Võ: kazi ya piano juu ya uzi mmoja

Ukiipata albamu hii ya mwaka 2013, iliyotolewa na lebo ya Innova, usianze na wimbo wa kwanza. Nenda moja kwa moja kwenye Gnossienne No. 3. Ni kazi ya piano ya Mfaransa Erik Satie, na hapa Võ anaipiga kwa đàn bầu, ala ya Vietnam yenye uzi mmoja tu. Mama huyu alianza kupiga đàn tranh, ala ya Vietnam ya nyuzi nyingi inayolazwa na kudonolewa, akiwa na miaka 4, akashinda mashindano ya taifa ya ala hiyo mwaka 1995, na mwaka 2001 akahamia California. Sauti anayoitafuta tangu hapo inasikika wazi kabisa kwenye kipande hiki.

Ili uone ugumu wake, itazame ala yenyewe. Ni sanduku jembamba la mbao, urefu wa mita moja hivi. Kushoto umesimama ufito unaonyumbulika, umepita kwenye kibuyu, na kutoka hapo uzi wa chuma unavutwa hadi kwenye kigingi cha kukazia upande wa kulia. Mkono wa kulia unadonoa kwa kijiti cha mwanzi huku ukingo wa kiganja ukigusa uzi kwenye nusu, theluthi, robo, moja ya tano, moja ya sita au moja ya nane. Kwa uzi wa sentimita 80 hivyo ni vituo vya sm 40, 26.7, 20, 16, 13.3 na 10, ukipima kutoka kulia. Kiganja kinagusa wakati wa kudonoa, kisha kinainuka papo hapo. Kikichelewa, sauti inakufa. Kikikosea kituo kwa milimita chache, unabaki na mkwaruzo.

Uzi ukityuniwa do, vituo hivyo vinatoa do, so, do, mi, so, do. Basi! Noti zilizobaki zote ni kazi ya mkono wa kushoto: ukiuvuta ufito upande wa kushoto uzi unakaza na sauti inapanda, ukiusukuma kulia inashuka. La inatoka kwenye so iliyopandishwa toni moja, fa kwenye mi iliyopandishwa nusu toni, ti kwenye do iliyoshushwa nusu. Ufito hauna alama hata moja ya kuonyesha umefika. Ni sikio tu.

Satie aliiandika Gnossienne hii bila mistari ya kugawa mapigo, na hiyo inampa mpigaji nafasi ya kuifikia kila noti kwa mwendo wake. Piano ikishagonga noti, noti inafifia pale pale ilipo. Võ anadonoa mara moja, kisha anaivuta sauti ile ile ipande hadi noti inayofuata, na njiani unasikia kila hatua. Ni kama mtu anaimba. Kwa masikio yetu kipande hiki peke yake kinatosha bei ya albamu.

Kronos Quartet, kundi la Marekani la wapigaji wanne wa fidla na jamaa zake, wanaungana naye kwenye Green River Delta. Wimbo wenye jina la albamu umechukua shairi la Hồ Xuân Hương, mshairi wa kike wa zamani, na ndani yake kuna hang, ala ya chuma ya kupigwa kwa mikono iliyobuniwa Uswisi mwaka 2000. Kasoro tunayoiona ni kwamba ala ni nyingi mno: aliyekuja kwa ajili ya đàn bầu anaipata kidogo, kisha anahamishwa.

Sikiliza kwa spika za masikioni, chumba kikiwa kimya. Spika ya simu inaumeza mkia wa noti, na kwenye đàn bầu mkono wa kushoto unafanya kazi yake hasa pale kwenye mkia. Mpiga kanuni wa taarabu naye asiruke vipande vya đàn tranh: mkono wa kulia unadonoa, wa kushoto unakandamiza uzi ng'ambo ya kidaraja chake, na noti inatetemeka au kupanda kwa kadiri ya uzito wa vidole.