Mitandio na picha za chapa Bagamoyo: niliyoyaona kwenye maonyesho

Kama wewe ni mtu wa vitambaa, maonyesho haya ya Mji Mkongwe Bagamoyo yatakulipa nauli yako. Kama unafuata picha, nenda na maswali.

Chumba cha mbele ni cha mitandio, mingi ya hariri na michache ya pamba, yote imechorwa kwa mkono au kutiwa batiki, yaani rangi inayozuiwa kwa nta. Imetandazwa ukutani kama mabango, na hapo waandaaji hawakufikiria sawasawa. Mtandio ukiwa ukutani unaona picha nzima. Ukijitanda, picha inavunjika. Kulikuwa na mmoja wa mwanamke anayetwanga, yuko katikati kabisa, kuanzia kilemba hadi unyayo. Niliupenda sana mpaka binti wa mapokezi aliponiambia, "Jitande kwanza, dada, ndiyo uone." Nikajitanda. Mwanamke akapotelea kwenye mikunjo, ikabaki ncha ya mchi imesimama begani kwangu.

Wa bluu nilikuwa nimeupita bila kuutazama. Mchoraji wake aliweka nyuso za watu kwenye pindo, pande zote nne, na mji, yaani sehemu ya katikati, akauacha rangi tupu yenye vile vimistari vinavyotokea nta ikipasuka. Huo ukiuvaa, sura moja inakaa karibu na shavu, nyingine inashuka kifuani, na anayekufuata nyuma anatazamana na ya tatu. Mtu aliyekulia kwenye kanga anajua hilo bila kufundishwa. Nilitamani kuwe na kioo kikubwa, au mtu wawili watatu waliojitanda wakizunguka chumbani. Kioo hakikuwepo, nikatumia kamera ya simu.

Kabla ya kulipia batiki yoyote, sugua pembe kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Mwekundu ulitoa rangi papo hapo. Wa bluu haukutoa kitu, na upindo wake umeviringishwa na kushonwa kwa mkono, mishono midogo ya kutafuta kwa kidole.

Chumba cha nyuma ni picha za watu: wavuvi, wapiga ngoma, kina mama sokoni. Nzuri kupita zote ni ya wazee wawili kwenye bao, imechongwa kwenye ubao ikapakwa wino mweusi na kuchapwa. Mkono wa mzee mmoja umetolewa kwa mikato michache tu, lakini unaona kabisa kwamba kete hazijamtoka kiganjani. Chini imeandikwa kwa penseli 4/15, yaani ni nakala ya nne kati ya kumi na tano. Mchoraji Mtanzania George Lilanga, aliyefariki 2005, wengi tunamjua kwa rangi zake kali, lakini naye alifanya batiki na picha za chapa, kwa hiyo kuviweka vyumba hivi viwili pamoja si jambo la kulazimisha.

Kilichonikera ni ukuta wa kushoto. Picha zake hazina namba wala saini ya penseli, na bei ni ile ile. Nikauliza, nikajibiwa, "Zote ni chapa." Nikakuza kwa kamera, nikaona vidoto vya printa, yaani hazikuchapwa kwa mkono. Sina ugomvi na printa, ila waandike kwenye kibandiko, na bei ishuke.

Wa bluu niliuchukua kwa shilingi 85,000 baada ya kuomba wapunguze, nikalipa kwa simu. Nimeshaufua kwa maji baridi na kuuanika kivulini, rangi iko pale pale. Ile ya bao niliiacha kwa sababu ya fremu tu: karatasi imegandamana na kioo, hakuna kadi ya kuitenga, na kwa unyevu wa pwani hii itaota ukungu. Wakikubali kuniuzia bila fremu, nitaifuata.