Nyota nne kwa mb_str_split, na ng’ombe wangu aliyekatwa vipande tisa

Nilikuwa namtengenezea mwanangu wa darasa la pili kamchezo ka kupanga herufi. Programu inalikata neno herufi moja moja, inazikoroga, naye anazirudisha mahali pake. PHP, lugha ya kuandikia programu, ndiyo niliyoizoea, basi nikachukua str_split, funksheni yake ya kukata maandishi vipande vipande. Embe, sawa. Kiboko, sawa. Ng’ombe: ukurasa mweupe pe!

Saa nzima nahangaika, kumbe mchawi ni simu. Maneno niliyaandika kwenye simu, nayo ikaigeuza ritifaa (ile koma ya juu ya ng’) iliyonyooka kuwa ile iliyopinda. Kwa macho ni kialama kimoja tu, lakini kwenye UTF-8, mfumo wa kompyuta wa kuhifadhi herufi, hiyo iliyopinda inakula baiti 3 (baiti ni kipande kidogo cha data), na str_split haikati herufi, inakata baiti. Ng’ombe akatoka vipande 9 badala ya 7, vitatu kati yake takataka tupu. json_encode, funksheni inayofunga data ili itumwe kwenye ukurasa, ilipokutana nazo ikagoma, ikarudisha false. Kiswahili kinatudekeza sisi wavivu: herufi zetu za kawaida ni baiti moja moja, hivyo unaweza kukosea miaka na usijue.

mb_str_split, ndugu yake anayekata herufi badala ya baiti, ilikuja na PHP 7.4, mwaka 2019. Nilibadilisha jina la funksheni tu, nikapata vipande 7, kila kimoja kizima. Kabla yake watu walikuwa wanaandika preg_split('//u', $neno, -1, PREG_SPLIT_NO_EMPTY). Poleni nyote mliopita huko. Jingine nililolipenda: ukiipa mb_str_split neno tupu inakupa safu (yaani orodha) tupu. str_split ilikuwa inarudisha safu yenye kipande kimoja kisicho na kitu, mpaka walipoirekebisha kwenye 8.2.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya usumbufu. Kwenye kompyuta yangu ya Ubuntu mbstring, kiongezi cha PHP kinachobeba funksheni hii, haikuwepo. Ilibidi nisakinishe php-mbstring kwanza, la sivyo unaambiwa funksheni haijulikani. Pia ukiipa bendera ya Tanzania, ile emoji, inaipasua vipande viwili. Anayezihitaji bendera aende kwa grapheme_str_split ya PHP 8.4. Mimi sizihitaji.

Halafu kuna hili, ambalo siwezi kuilaumu mb_str_split. Mtoto ameshika kipande cha ritifaa peke yake, ananiuliza, “Baba, hii koma ya juu nayo ni herufi?” Nikakosa jibu. Kwetu ng’ ni sauti moja, na hakuna aliyeiambia PHP. Nikaandika mwenyewe mstari unaosema ng’ ni kipande kimoja, na kingine chochote (ile nukta) ni herufi moja:

preg_match_all("/ng['’]|./u", $neno, $vipande);

Ng’ombe sasa ana vipande 5, na ritifaa zote mbili zinakubalika. Nikaongeza ch, sh, ny na wenzao kwa mtindo huohuo, mbele ya ile nukta.

Jana kijana kalalamika kuwa ng’ombe ni rahisi mno. Nimempa ng’ang’ania, vipande 7. Bado yupo nayo mezani, uji unapoa.