TAHADHARI: Vichwa vya risasi vya mechi vya "bei chee" mitandaoni, wenzetu wanapigwa

Wakuu, hii ni kwa wale tunaojaza risasi wenyewe kwa ajili ya mashindano ya kulenga shabaha huku Marekani. Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu akiuza vichwa vya risasi vya mechi, yaani ile sehemu inayoruka, ya usahihi wa mashindano, kwa bei ya kutupa. Tangazo lake halibadiliki: Sierra MatchKing greni 77 (greni ni kipimo cha uzito), kaliba .224 (unene kwa inchi), boksi la vichwa 500 kwa dola 60, "nimeacha kupiga, namalizia stoku". Jina simtaji kwa sababu halitawasaidia. Akaunti ikifungwa leo, kesho anarudi na nyingine yenye picha ya mtu mwingine. Shikeni mtindo wake.

Dola 60 kwa vichwa 500 ni senti 12 kimoja. Hiyo ni bei ya kichwa cha kawaida cha greni 55 cha kupigia makopo, tena ukinunua kwa wingi. Kichwa cha mechi hakifiki hapo hata siku ya ofa. Lakini ukiwa umezoea kulipa zaidi ya mara mbili ya hiyo, macho yanaona namba tu, akili inabaki nyuma.

Mwenzetu mmoja hapa Ohio alinunua maboksi mawili. Mzigo ulifika, na hapo ndipo huyu tapeli anapowazidi wenzake: anatuma kitu kweli. Boksi ni la kijani, la kiwanda, lebo ipo. Ukifungua, safu ya juu ni 77 halisi, inang'aa. Tulipoanza kupima kimoja kimoja kwenye mizani, vya juu vilisoma 77 na sehemu kidogo juu au chini, vizuri kabisa. Tulipofika katikati ya boksi mizani ikashuka ghafla: 61.8, 62.1, 61.9. Hicho si kichwa cha greni 77 hata kwa dawa.

Tukavigeuza kuangalia vitako. Hapa naomba kila mtu asome taratibu, maana ni kipimo kisichohitaji hata senti moja. Kichwa cha mechi hutengenezwa koti lake la shaba likivutwa kuanzia kitakoni kwenda nchani, kwa hiyo kitako kimefunikwa na ncha ina kitundu kidogo. Kichwa cha kijeshi cha kawaida ni kinyume chake: ncha imefungwa, na kitakoni unaona madini ya risasi yenyewe, ya kijivu. Vile vya katikati ya boksi vilikuwa na kijivu kitakoni. Tukaleta sumaku, vikanasa. Kimoja kilikuwa bado na rangi ya kijani karibu na ncha, kama mtu alisugua kwa kitambaa chenye dawa akachoka kabla ya kumaliza.

Wanaojua wameshajua. Ni M855, kichwa cha jeshi cha greni 62 chenye kipande cha chuma ndani ya ncha, ndiyo maana sumaku inanasa. Vimeng'olewa kwenye risasi nzima, ndiyo maana pembeni vina mikwaruzo ya koleo na ule mfereji wa kubania ganda umebonyea upande mmoja. Havikutengenezwa kwa ajili ya kushika kundi dogo kwenye shabaha, na viwanja vingi huku vinakataa kichwa chochote kinachonasa sumaku, kwa kuogopa moto na kuharibu vyuma vya shabaha. Ukifika navyo mstarini unaweza kurudishwa nyumbani na ada yako ya mashindano umeshalipa.

Mtu anaweza kusema, si greni 62 tu, kwani hazirushi? Zinarusha. Shida ni yadi 600. Kwenye shabaha ya MR (aina ya masafa ya kati) ya umbali huo, duara la kumi lina upana wa inchi 12 na la X, la katikati kabisa, inchi 6. Umeweka saiti zako, yaani vilengeo, kwa greni 77, upepo umeusoma kwa greni 77, halafu katikati ya mzunguko inatoka ya greni 62 ambayo inapeperushwa zaidi na kushuka tofauti. Utakaa unajilaumu kwa kuvuta kifyatulio vibaya. Utabadilisha saiti kufuata kosa ambalo si lako, na ile risasi nzuri inayofuata nayo itatoka nje. Mtu anaweza kupoteza msimu mzima akitafuta tatizo kwenye bega lake.

Sasa hilo ni la pointi. Lipo la hatari zaidi, na ndilo lililonifanya niandike.

Jamaa huyu huyu, au pacha wake, anauza pia "vichwa vya .308 vya mechi" vya kwenye mfuko, bila boksi, anasema ni mabaki ya klabu. Ukipata mzigo wa namna hiyo, chukua maikromita kabla hujagusa mashine ya kujazia. Kichwa cha .308 kinapaswa kusoma inchi 0.308, yaani milimita 7.82 hivi. Vichwa vilivyong'olewa kwenye risasi za kambi ya Mashariki (Urusi na wenzake), za 7.62x39 na 7.62x54R, vinasoma 0.310 hadi 0.311. Kwa macho huwezi kuona tofauti hiyo, na mkono hauisikii. Mtutu unaisikia. Kichwa kinene kuliko mtutu kinabanwa, presha inapanda, na uso wako uko sentimita chache tu kutoka kwenye kufuli la bunduki. Baadhi ya watu watakwambia "nilishapiga hivyo na sijafa". Waache.

Kwa sababu hiyo hiyo, kuchanganyika kwa uzito si jambo la kuchukulia kirahisi. Boksi likiwa limeandikwa uzito mdogo na ndani kuna kichwa kizito, kipimo cha baruti ulichochagua kwenye kitabu cha kiwanda kinakuwa kimezidi kwa kile kizito. Pima vyote, wala usipime vitatu vya juu ukaridhika. Tapeli anajua watu wanapima vitatu vya juu.

Na baruti ya kopo lililofunguliwa usinunue kwa mtu usiyemjua, hata akupe bure. Hakuna sumaku wala mizani ya nyumbani itakayokwambia ndani ya kopo kuna nini.

Aina ya pili ya wizi ni ya tovuti hewa, na hii wengi mnaijua, ila bado inakamata watu. Ilishamiri wakati wa uhaba wa 2020 na 2021, rafu zilipokuwa tupu kila mahali na praima (vifataki vya kuwashia baruti) hazipatikani kwa dua wala kwa dola. Ghafla ukawa unakuta tovuti yenye kila kitu: praima, baruti, vichwa vya Berger, vya Hornady, vyote vipo, vyote vina punguzo. Uhaba ukirudi, nazo zinarudi. Jina la tovuti huwa ni jina la kiwanda lililoongezewa neno kama "outlet" au "shop". Picha zimenyofolewa kwenye tovuti ya kiwanda halisi. Anwani ukiiweka kwenye ramani unaangukia nyumba ya mtu au kiwanja chenye nyasi.

Mimi huangalia malipo kwanza, mengine baadaye. Wakikataa kadi ya benki na kutaka Zelle, Cash App, Bitcoin au kadi za zawadi, funga ukurasa. Kwenye kadi ya mkopo una haki ya kupinga malipo kwa maandishi ndani ya siku 60 tangu taarifa ya benki yenye malipo hayo itumwe kwako. Kwenye Zelle, pesa uliyoituma kwa mkono wako mwenyewe imekwenda, na benki nyingi zitakupa pole tu.

Ishara nyingine inayowafichua ni usafirishaji. Praima na baruti haziruhusiwi kabisa kupita kwenye posta ya Marekani, USPS. Zinakwenda kwa kampuni za mizigo kama UPS, na kwa kawaida kuna ada ya mzigo hatari. Vichwa vitupu vinaruhusiwa posta, hilo ni sawa. Kwa hiyo tovuti inayokuahidi praima elfu tano kwa posta, siku mbili mlangoni, inakuahidi kitu ambacho muuzaji halali hathubutu kukifanya. Na mara nyingi baada ya kulipa inakuja barua pepe ya pili: mzigo umekwama, lipa "bima" ya dola 200 utakayorudishiwa. Hapo wanakuchuna mara ya pili. Namba ya kufuatilia mzigo waliyokupa inasomeka kwenye ukurasa wao tu. Iweke kwenye tovuti ya msafirishaji uone kama inafahamika.

Najua kinachotusukuma kwenye mitego hii. Mchezo ni ghali, na mtu anayefanya kazi ghala zamu ya usiku hawezi kupiga Berger kila Jumamosi. Ila bei nafuu ya halali ipo, na ina sababu ambayo muuzaji anaweza kukutajia bila kujiumauma.

Hornady wana kichwa chao cha greni 75 chenye tundu nchani, BTHP Match, kinauzwa kwa maboksi makubwa na kwa miaka mingi kimekuwa kimbilio la wapigaji wa mfuko mdogo. Nosler wana laini ya Custom Competition, ambayo kwa kawaida iko chini ya bei ya MatchKing. Nosler pia huuza vichwa vyenye dosari ya sura, doa au mkwaruzo wa rangi, na wanasema wazi kwamba ni vya dosari. Hapo umepewa sababu ya bei, na boksi linasema hivyo hivyo. Ukinunua vya dosari tenga muda wa kuvichambua kwa mizani, na ukiwa na kompareta (kifaa cha kupimia urefu wa kichwa) pima kutoka kitakoni hadi pale mkunjo unapoanza. Vya loti moja (mkupuo mmoja wa kiwandani) vinapishana kwa elfu chache za inchi. Vikipishana sana, vimechanganywa loti.

Halafu si kila umbali unastahili kichwa cha gharama. Kwenye yadi 200 duara la kumi la shabaha ya SR (ya masafa mafupi) lina inchi 7. Kichwa cha kawaida kizuri kinatosha kwa mazoezi ya kusimama, na ukikosa la kumi ukiwa umesimama, tuwe wakweli, kichwa hakina kosa. Okoa hela hapo. Vya mechi viweke kwa 600. Vile vya greni 80 vinavyopendwa kwa 600 vikijazwa kwa urefu wake haviingii kwenye magazini ya bunduki ya AR-15, unapakia kimoja kimoja, kwa hiyo usidanganywe na anayeviuza kama "vya kila hatua". Na kabla ya yote, jua mtutu wako. Mfuo wa 1:7 (mizingo ya ndani ya mtutu inayozungusha kichwa mara moja kila inchi 7) utatuliza 77 na 80. Wenye mtutu wa zamani wa 1:12 hata wapewe bure, vitaingia kwenye karatasi kwa ubavu.

Nunua kwa duka lenye mlango, au kwa mtu uliyesimama naye mstarini. Kule Camp Perry, Ohio, wakati wa National Matches (mashindano ya kitaifa) wauzaji wapo pale pale kiwanjani, unashika boksi, unasoma namba ya loti, unauliza, unaondoka nalo. Kwa walio mbali, ungeni oda moja ya klabu. Vichwa elfu kadhaa kwa mara moja hushusha bei ya kimoja kuliko tangazo lolote la Facebook, na Meta, wenye Facebook, hawaruhusu watu binafsi kuuziana risasi, ndiyo maana hawa jamaa wakikupata wanakimbilia "njoo inbox".

La visa, haraka haraka, kwa sababu vijana wananiuliza. Sheria ya shirikisho inahesabu kichwa kitupu, ganda, praima na baruti vyote kuwa risasi, na mwenye visa isiyo ya uhamiaji haruhusiwi kuvimiliki isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo ukiwa leseni halali ya uwindaji ya jimbo. Mwenye green card hayumo kwenye katazo hilo. Na ukienda likizo nyumbani, kung'uta begi la mazoezi au acha kabisa kusafiri nalo. Usiombe kichwa kimoja kionekane kwenye mashine pale JNIA au JKIA.

Aliyekwisha kupigwa asikae kimya kwa aibu. Piga simu benki leo, si Jumatatu. Ripoti kwa FBI kupitia ic3.gov na kwa FTC (tume ya biashara ya shirikisho) kupitia reportfraud.ftc.gov. Kama mzigo ulikuja kwa posta ukiwa si ulichouziwa, huo ni udanganyifu kupitia posta na wakaguzi wa USPS wanaupokea. Hifadhi bahasha yenye muhuri, usiitupe. Vichwa vyenyewe usivijaze wala usimuuzie mwingine ili urudishe hela.

Maboksi mawili ya mwenzetu yalikuwa na namba moja ya loti, na lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine. Ukiinua kona kwa kucha unaiona ya chini. Mwenye boksi la 77 alilonunua kwa mtu mtandaoni miezi ya karibuni ainue hiyo kona, na akikuta kitu apige picha ya lebo zote mbili aitume kwenye grupu la klabu yake.