Uzoefu wangu: kutuma pweza, kambamiti na jodari kwa ndege kutoka Tanga hadi Mwanza

Kwa pweza na kambamiti, huduma hii inafaa sana. Kwa jodari inafaa kwa masharti, na masharti hayo nitayaeleza kwa urefu kwa sababu hapo ndipo mtu anaweza kuumwa.

Mimi hununua soko la Deep Sea hapa Tanga, na mteja wangu mkubwa ana mgahawa wa vyakula vya pwani Mwanza. Wakala ninayemtumia hupokea maboksi mjini hadi jioni, huyapeleka Dar es Salaam usiku kwa gari kupitia Segera na Chalinze, kisha yanaondoka na ndege ya abiria ya asubuhi. Ndege zinazotua hapa kwetu mara nyingi ni ndogo, mabegi ya abiria yakishaingia nafasi ya samaki haipo tena, kwa hiyo safari ya gari haikwepeki. Wengi wakisikia "kwa ndege" wanaona shida imekwisha. Dar hadi Mwanza angani ni kama saa moja na nusu tu. Saa zinazoharibu samaki ni zile za chini: ndani ya gari, kwenye foleni ya kupima mizigo, juu ya lami ya uwanja jua la Dar likishapanda.

Ndiyo maana wakala wa kazi hii nampima kwa jambo moja: boksi langu linakaa wapi kabla halijapakiwa. Huyu ana chumba baridi cha kusubiria, na maboksi yakitolewa kwenda kwenye ndege hufunikwa turubai linalozuia jua. Niliweka ndani kidude cha kurekodi joto, mteja akanitumia picha ya mchoro wake. Haukuzidi digrii 3 njia nzima. Wakala niliyekuwa naye kabla ya huyu alikuwa na bei nafuu, na kwake mchoro ulipanda hadi digrii 11 mzigo ukiwa bado Dar. Ndege ilichelewa, maboksi yakaachwa nje, na hakuna aliyenipigia simu. Kambamiti walifika vichwa vimeanza weusi. Weusi ule si sumu, ni vimeng'enya vya kamba mwenyewe vinavyofanya kazi vikipata hewa na joto. Lakini mpishi aliyelipia kamba wa daraja la kwanza hawezi kumpangia mgeni sahani ya namna ile, na pesa yake nilimrudishia.

Upande wa ufungaji, watu wa wakala huyu ni wakali, na ninawasifu kwa hilo. Barafu ya kawaida ndani ya boksi hawaitaki, kwa kuwa maji ya chumvi na ya samaki yakivuja hula chuma cha ndege. Kijana wa mapokezi hulipindua boksi mbele yako. "Mama, likidondosha tone moja halipandi," huniambia. Kwa hiyo samaki wangu hushinda kwenye barafu kwanza, kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, mpaka nyama ya ndani kabisa ipoe. Halafu nawachuja, nawaweka kwenye mfuko mzito ndani ya boksi la povu, na pembeni napanga chupa za maji zilizogandishwa. Chupa zile hulinda ubaridi uliokwishaingia. Samaki wa vuguvugu hazimpoozi.

Pweza ni rahisi zaidi, maana kumgandisha humlainisha, wala hakumharibu. Huyo namtuma na barafu kavu wakala anapokuwa nayo. Barafu kavu ina digrii 78 chini ya sifuri na haiachi maji, hugeuka gesi ya kabonidayoksaidi moja kwa moja. Boksi lake haliruhusiwi kuzibwa kabisa, lisije likapasuka, na juu yake huandikwa namba UN1845 na kilo za barafu iliyomo, ili wapakiaji wasiliweke karibu na wanyama hai. Wakala hukujazia karatasi ya maelezo hayo bila malipo ya ziada.

Sasa jodari. Yeye, nguru na vibua wakikaa kwenye joto, bakteria hutengeneza histamini ndani ya nyama yao. Samaki anaweza asinuke kabisa, na histamini ikishaingia haitoki kwa kuchemsha, kukaanga, wala kumrudisha kwenye barafu. Mlaji uso unamwiva, mwili unamwasha, kichwa kinamgonga, na ndugu zake wanadhani ana mzio. Kwa hiyo simtumi jodari ambaye sikumwona akitoka chomboni na barafu yake, na nimemwandikisha wakala kwamba ndege ikiahirishwa boksi linarudi chumba baridi na mimi napigiwa simu saa hiyo hiyo. Mpaka sasa wametimiza.

Kuhusu bei, angalieni vipimo. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito au kwa ukubwa, lolote lililo kubwa. Boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40, ukizidisha na kugawanya kwa 6,000, linahesabiwa kilo 16 hata kama umetia 10. Jazeni.

Kero yangu ni moja na ni ya watu wa pwani. Pweza wanapatikana kwa wingi siku za bamvua, maji yanapokauka hadi miamba ikaonekana, na siku hizo maboksi yanajaa kwa wakala kabla ya Alasiri. Jumapili ndiyo hafungui kabisa, na bamvua ikiangukia hapo sina pa kupeleka mzigo. Nimemwomba afungue hata kwa muda wa saa mbili tu jioni. Bado ananiahidi tu, na hiyo ndiyo nyota moja niliyompunguzia katika tano.