Kuhifadhi picha na video za nyumbani ukiwa Mbeya au Iringa: kipi ununue kwanza, kipi kisubiri

Wadau wa Mbeya, Iringa, Njombe na nyanda za juu kote, hii ni kwa ajili ya wale ambao picha za familia ziko kwenye simu nne, video ya harusi iko kwenye flashi ambayo hakuna anayekumbuka iko wapi, kazi za chuo ziko kwenye laptopu ambayo betri imeshakufa, na sasa mnataka sehemu moja hapo nyumbani ambayo kila mtu anaifikia kwa wifi. Kifaa chenyewe kinaitwa NAS, yaani hard disk inayokaa kwenye mtandao wa nyumba badala ya kuchomekwa kwenye kompyuta moja, halafu simu, laptopu na tivii vyote vinaingia humo humo.

Kabla sijataja kifaa chochote, kuna kitu watu wengi hawakijui: kutoa picha kwenye simu na kuzipeleka kwenye NAS iliyoko sebuleni hakuli bando. Picha inatoka kwenye simu inapita kwenye ruta inaingia kwenye diski, haijatoka nje ya nyumba. Hata kifurushi kikiwa kimeisha toka juzi, wifi ya ruta bado inawaka na watoto wanaangalia katuni zilizohifadhiwa kama kawaida. Kwa sisi tunaonunua GB kwa mahesabu hiyo peke yake ni sababu ya kutosha, maana Google Photos waliacha kuhifadhi bure bila kikomo toka Juni 2021, sasa unapewa GB 15 na hizo hizo unagawana na barua pepe zako.

Sasa msimamo wangu. Pesa ya kwanza iende kwenye diski mbili na UPS, yaani betri inayoshika umeme ukikatika, sanduku la NAS lije baadaye. Watu wanaanza na sanduku zuri halafu wanaweka diski moja ya mtumba na kuchomeka moja kwa moja ukutani, na huku kwetu vinavyoua data ni viwili tu, umeme na kuwa na nakala moja. Mvua zikishaanza mwezi wa 11 mpaka wa 4 huko, radi hazihesabiki, na Tukuyu ndio usiseme, umeme unakatika unarudi unakatika tena kabla hujawasha hata tochi ya simu. Diski ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, mafaili yanavurugika, na siku nyingine diski yenyewe hairudi.

UPS ya 650VA inatosha kabisa kwa NAS na ruta, ila igeuze uangalie mgongoni. Unatafuta tundu dogo la USB la data. Lile tundu ndilo linaloiambia NAS kwamba umeme umekatika na betri inaenda kuisha, NAS inafunga mafaili na kujizima yenyewe vizuri. UPS isiyo na hilo tundu inakusaidia umeme ukikatika dakika mbili tatu, lakini ukikatika saa nane usiku umelala betri itaisha na mashine itazimika ghafla kama vile hukuwa na UPS. Muuzaji akikwambia zote ni sawa, mwambie asante na uendelee kutafuta. TV gadi au frijigadi inakata umeme ukizidi lakini haihifadhi chaji, kwa hiyo sio mbadala. Na kama una waya wa mtandao au wa antena unaotoka nje ya nyumba, radi inapita humo pia, mvua kubwa ikija chomoa.

Haya, mpangilio wangu wa nini ununue.

Namba moja kwa familia ya kawaida ni NAS ya diski mbili, na kwa mtu anayeanza naichagua Synology DS223j. Unaweka diski mbili zinazoandika kitu kile kile kwa wakati mmoja, ndio wanaita RAID 1, kwa hiyo TB 4 mbili zinakupa TB 4 na sio 8, lakini moja ikifa unaweka nyingine na maisha yanaendelea. Ina programu ya simu inayovuta picha yenyewe ukifika nyumbani na simu ikishika wifi. Sababu ninayoipa nafasi ya kwanza sio kasi, ni kwamba mama na bibi wanaitumia bila kumpigia mtu simu. Ukitaka kufanya makubwa zaidi, programu nyingi au watumiaji wengi, panda DS224+ ambayo prosesa yake ni ya Intel na RAM inaongezeka. QNAP nao wana mashine nzuri, ila mwaka 2022 wahuni wa DeadBolt walifungia watu wengi mafaili yao wakidai bitcoin, na waliopigwa ni wale walioacha mashine wazi kwenye intaneti, hilo nitalirudia chini. Jua tu kwamba diski mbili mpya zinakaribia au zinapita bei ya sanduku lenyewe, usije ukapiga bajeti ya sanduku ukajikuta umekwama.

Namba mbili ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, hizi Dell OptiPlex na HP EliteDesk zinazouzwa madukani mjini. Unaweka OpenMediaVault, programu ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa NAS, unapata seva yenye nguvu kuliko NAS nyingi za bei ndogo. Kwa mpiga picha za harusi na send-off mwenye kazi nyingi naiweka hata juu ya namba moja, mradi awe na kijana wa kumsaidia kuisimika. Kabla ya kulipa fungua kasha uone kama diski mbili kubwa zinaingia, zile nyembamba nyingi zinabeba moja tu. Tatizo lake ni LUKU. Kompyuta ya wati 40 ikiwaka mchana na usiku inakula kama uniti 29 kwa mwezi, NAS ya wati 15 inakula 11 hivi. Kwa aliyeko tarifu ya D1, ile ya watumiaji wadogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, uniti 29 ni karibu asilimia 40 ya kiwango chake, friji na pasi vikiingia anavuka na kuanza kulipa bei ya juu. Piga hesabu hiyo kabla hujafurahia bei ya kompyuta.

Namba tatu, ruta yenye tundu la USB na eksteno mbili, yaani diski za nje za kuchomeka kwa USB. TP-Link Archer kadhaa zinakuwa nalo. Unachomeka eksteno, unawasha kushea mafaili kwenye mipangilio, basi. Kasi ni ndogo na hakuna diski ya pili inayojinakili, ndio maana nimesema eksteno mbili, moja ikae kwenye ruta, nyingine ikae kabatini, na kila mwisho wa mwezi unanakili kwa mkono. Usiiache kwenye fomati ya FAT32, faili likizidi GB 4 linakataliwa na video ya harusi inazidi hapo. Kwa bajeti ndogo hii ni heshima tupu.

Namba nne Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya ubao mmoja. Kijana wa chuo cha MUST anayetaka kujifunza Linux achukue, atajifunza mengi, lakini kwa picha za familia hapana, memori kadi yake haipendi umeme unaokatika na hard disk inahitaji umeme wake wa pembeni.

Ambavyo usinunue kabisa: zile SSD ndogo zinazojiita TB 16 kwa bei ya flashi, ndani kuna memori kadi iliyodanganywa iseme uongo, programu ya bure ya H2testw inaziumbua. Na masanduku ya zamani ya mtumba ambayo kampuni imeacha kuyaapdeti. Juni 2021 watu duniani waliamka wakakuta WD My Book Live zao zimefutwa zote kwa mbali kupitia intaneti, na hizo zilikuwa hazipati apdeti toka 2015.

Diski zenyewe, tafuta zilizoandikwa CMR, yaani zinazoandika data kwa mistari isiyopandiana, mfano WD Red Plus au Seagate IronWolf. WD walikiri 2020 kwamba baadhi ya Red za kawaida zilikuwa SMR, za mistari inayopandiana, bila wanunuzi kujua, na SMR kwenye RAID inasumbua ukibadilisha diski. Ya mtumba, usilipe mpaka ichomekwe kwenye laptopu pale pale kaunta na programu ya CrystalDiskInfo ifunguliwe mbele yako: bluu ni nzima, njano achana nayo, halafu soma mstari wa Power On Hours. Ukiona saa 35,000 ujue imewaka miaka minne mfululizo, labda ilikuwa kwenye DVR ya kamera. Ukiagiza Kariakoo ije na basi, sisitiza sponji pande zote, toka Dar mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 za matuta na Kitonga juu. Kama kuna ndugu anapanda, abebe mkononi.

Kwenye mtandao wa ndani, ruta nyingi za 4G zina matundu ya Mbps 100 tu, hapo unapata kama MB 11 kwa sekunde. Harusi ya GB 100 inachukua saa mbili na nusu. Dawa ni swichi ndogo ya mtandao ya gigabiti, TL-SG105 kwa mfano, chomeka NAS na kompyuta humo na waya wa Cat5e au Cat6, kazi ile ile inaisha kwa robo saa bila kubadilisha ruta. Nyumba ya tofali za kuchoma inakata sana wifi ya 5 GHz, kwa hiyo tivii ipe waya. Plagi na taa za kuwasha kwa simu nyingi zinashika 2.4 GHz tu, zikigoma kuunganishwa angalia hapo kwanza. Kamera za bei rahisi ziweke kwenye wifi ya wageni ili zisiione NAS, ila kama unataka zirekodi kwenye NAS itabidi ziwe kwenye wifi ya kawaida, na Synology inakupa kamera mbili bure, za kuendelea unalipia.

Mtoto akiwa chuo cha UDOM na anataka mafaili, usifungue njia ya watu wa nje kuingia kwenye mipangilio ya ruta (port forwarding). Kwanza kwenye laini nyingi za simu haikubali kwa sababu anwani ya IP mnagawana wateja wengi, pili ndio mlango wa akina DeadBolt. Weka Tailscale au QuickConnect, ambazo zinakuingiza nyumbani bila kufungua hiyo njia, paswedi ndefu, akaunti ya admin ya kiwandani izime.

Na diski mbili ndani ya sanduku moja sio bakapu. Mwizi anabeba sanduku lote, na ukifuta kwa bahati mbaya inafutika kote kote. Ile eksteno ya zamani ijaze zile za muhimu, umpe dada aliyeko Makambako au Iringa akae nayo, mkionana kwenye msiba au sikukuu mnabadilishana.

Siku unayomaliza kufunga, weka picha moja isiyo na maana, inakili kila sehemu, ifute kwenye NAS, halafu jaribu kuirudisha kutoka kwenye bakapu. Ikigoma, usifute chochote kwenye simu za watu mpaka ikubali.