Uzoefu wangu: picha za harusi za rangi au nyeusi na nyeupe?

Katika fomu ya makubaliano tuliyopewa na mpiga picha wetu, miezi mitano kabla ya harusi, kulikuwa na swali lililotutaka tujaze ni sehemu gani ya picha zetu itolewe kwa rangi na ni sehemu gani iwe nyeusi na nyeupe. Mimi na mchumba wangu tuliliona kuwa swali dogo, sawa na lile la aina ya jalada la albamu, tukaandika "nusu kwa nusu" na kuendelea na mengine. Sasa umepita mwaka na zaidi, albamu iko kabatini, na nikiulizwa tulikosea wapi katika huduma nzima ile, nitataja jibu hilo la maneno matatu.

Kazi ilitufikia baada ya wiki sita. Tulihesabu picha 640, na 318 kati yake zilikuwa nyeusi na nyeupe bila nakala ya rangi. Nianze na iliyonifurahisha, kwa sababu mpiga picha huyu si mtu wa kubahatisha. Ni picha ya mama akinifunga vifungo vya gauni mgongoni. Chumba cha kuvalia kilikuwa na dirisha kubwa upande mmoja, na upande wa pili kulikuwa na balbu za manjano zilizozunguka kioo. Kwa kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, mwanga wa mchana ni takriban 5500, na wa balbu za namna ile hauzidi sana 3000, kwa hiyo kamera ikisawazisha mmoja, mwingine unaharibika. Nilipokuja kuiona picha hiyo kwa rangi, mama alikuwa na shavu moja la samawati na jingine la chungwa, nami mabega yangu yalikuwa kama ya watu wawili tofauti. Katika nyeusi na nyeupe ugomvi wote huo umekwisha. Jicho linakwenda moja kwa moja kwenye pini aliyoibana midomoni na kwenye vidole vyake vinavyohangaika na kifungo cha mwisho.

Iliyoniuma ni ya wapambe. Tulikuwa tumehangaika wiki kadhaa kutafuta kitambaa cha kijani kitakachoendana na mashada ya mawaridi mekundu. Katika picha kubwa ya pamoja wapambe sita wamesimama ngazini, kila mmoja ameshika shada kifuani, na ukiitazama kwa hatua chache utadhani wamekunja mikono mitupu, kwa kuwa mawaridi yamezama ndani ya magauni. Sababu yake niliielewa baadaye. Programu inapogeuza picha ya rangi kwa kanuni ya kawaida, huchukua takriban asilimia 30 ya thamani ya wekundu, asilimia 59 ya kijani na asilimia 11 ya samawati, kwa kufuata jinsi jicho la binadamu linavyouhisi mng'ao wa kila rangi, kisha huzijumlisha. Katika kipimo cha 0 (nyeusi) hadi 255 (nyeupe), wekundu mtupu wa 200 huzaa kijivu cha 60, na kijani kitupu cha 100 huzaa kijivu cha 59. Wiki zetu zote za kutafuta kitambaa ziliishia kwenye tofauti ya namna hiyo.

Niliandika kuomba nakala za rangi za picha zote 318. Jibu lilikuja kwa adabu, lakini lilibeba habari mbaya. Siku ya harusi walikuwa wawili, yeye na msaidizi wake. Yeye huhifadhi faili ghafi, yaani data yote kama ilivyopokewa na kihisi cha kamera kabla ya kupikwa. Hata kamera ikiwekwa kwenye mtindo wa nyeusi na nyeupe, kioo cha nyuma kitaonyesha kijivu lakini rangi zote zimo ndani ya faili. Msaidizi, kwa kutaka kuokoa nafasi kwenye kadi, alikuwa ameiweka kamera yake ihifadhi JPEG peke yake, yaani faili ndogo iliyokwisha kupikwa na kamera, katika mtindo huohuo, na JPEG ya namna hiyo ikishaandikwa, rangi imekwenda na hairudi. Programu za kuipaka rangi upya zipo, lakini zinakisia, nami sikutaka picha ya harusi yangu iliyokisiwa. Picha 97 zilikuwa za msaidizi huyo. Miongoni mwake imo moja ya baba yangu akicheka mpaka machozi huku akifuta miwani kwa leso, nayo ni picha ambayo sikujua kama ilipigwa mpaka nilipoiona.

Kwa kumtendea haki, hakutuacha hapo. Alizirudisha rangi za picha 221 zilizobaki, ile ya wapambe ikiwemo, kisha akatualika tukae naye mbele ya kompyuta ili tuchague upya. Mchana huo ndio ulionifundisha kuliko yote niliyoyasoma kabla ya harusi. Mume wangu ni mweusi wa kukolea, mimi ni maji ya kunde, na siku ile yeye alivaa suti nyeusi. Katika ugeuzaji wa kwanza, mpaka kati ya kidevu chake na kola ya koti ulikuwa umepotea kabisa. Mpiga picha alisogeza vidhibiti vya chungwa na nyekundu kuelekea kwenye mwanga, kwa kuwa ngozi ya binadamu, ya weusi au weupe wowote, huakisi zaidi upande huo wa rangi, na papo hapo uso ukatoka gizani: mfupa wa shavu, kikunjo kando ya mdomo, kovu dogo juu ya nyusi alilolipata utotoni. Nilifurahi mpaka nilipojitazama mwenyewe. Midomo yangu, niliyoipaka rangi nyekundu iliyoiva, ilikuwa imefifia ikalingana na mashavu, nikaonekana kama mtu aliyeamka kutoka homani. Ikabidi kila uso urekebishwe peke yake, na kazi hiyo ilichukua karibu dakika kumi kwa picha moja. Ndipo nilipofahamu kwa nini zile 318 za awali zilifanana kana kwamba zimechovywa kwenye ndoo moja: nyingi zilikuwa zimepitishwa kwa mkupuo katika mpangilio uleule.

Picha za ukumbini usiku ni habari nyingine. Taa za LED za zambarau na samawati ziliwafanya wageni waonekane kama wamemwagiwa wino, na kwa kuwa mwanga ulikuwa hafifu, wepesi wa kamera kuhisi mwanga ulipandishwa sana, hadi ISO 12800, hivyo madoadoa ya rangi yakatapakaa kwenye vivuli. Katika nyeusi na nyeupe madoadoa hayo hugeuka chembechembe zinazokaribia kufanana na zile za filamu za zamani, na jicho huzisamehe. Hata hivyo dawa hii ina mwisho wake. Pale ambapo taa ya samawati tupu ilimpiga mtu usoni, kati ya chaneli tatu za rangi za kamera (nyekundu, kijani na samawati), moja ilijaa mpaka ikafurika na nyingine mbili hazikupata kitu, kwa hiyo uso uliokuwa bapa kwa rangi ulibaki bapa kwa kijivu. Aidha, nilihesabu picha 11 ambazo hazikuwa na tatizo lolote la rangi. Zilikuwa zimetikisika, au lenzi ilishika ukuta ikawaacha watu, kisha zikageuzwa nyeusi na nyeupe ili zionekane za kisanaa. Hilo nilimwambia wazi, naye hakubisha sana. Alituongezea pia, kama zawadi, picha moja ambamo kila kitu ni kijivu isipokuwa mawaridi mkononi mwangu. Nilimshukuru, nikaifuta.

Lipo jambo alilotueleza tangu mwanzo, ambalo nadhani wateja wengi huelezwa: kwamba picha nyeusi na nyeupe hudumu zaidi. Tuliliamini kwa sababu tulikuwa na ushahidi nyumbani. Picha za harusi za mama mkwe wangu bado zina weusi wa kina, ilhali picha za rangi za jamaa zake za miaka ya 1970 zimekuwa nyekundu nyekundu kama zimepigwa machweo. Lakini zile za mama mkwe zimeundwa kwa chembe za madini ya fedha zilizoganda kwenye karatasi, na zile za jamaa zake zilitegemea rangi za kemikali ambazo hufifia kwa kasi tofauti, ya samawati ikitangulia kuondoka na wekundu ukabaki peke yake. Picha yetu ya kidijitali ya nyeusi na nyeupe, ikichapwa kwenye karatasi ya kawaida ya picha za rangi, inatengenezwa kwa rangi zilezile za kemikali zinazotengeneza picha ya rangi iliyo jirani yake, wala haina sababu ya kuishi zaidi. Chapa zetu za kwanza zilithibitisha jambo hilo kwa njia ya ajabu: kijivu chake kilikuwa na ukijani hafifu, ambao dirishani haukuonekana lakini chini ya taa ya sebuleni ulijitokeza wazi. Tulizirudisha, zikachapwa upya kwa mashine ya wino wa pigmenti, yaani wa chembe za rangi zisizoyeyuka, yenye wino mweusi na wa kijivu wa ngazi kadhaa, na hizo za pili sina la kuzilaumu.

Je, ningempa kazi tena? Ndiyo, kwa masharti yaliyoandikwa: kila anayeshika kamera ahifadhi faili ghafi, kila picha itolewe kwa rangi, na nyeusi na nyeupe iwe nakala ya ziada itakayochaguliwa baada ya picha kuonekana, bila idadi kutajwa kabla. Kujaza "nusu kwa nusu" miezi mitano kabla ya siku yenyewe ni kuamua juu ya mwanga ambao hakuna aliyekwisha kuuona. Tulipochagua kwa macho yetu, kati ya picha 72 za albamu ni 14 tu zilizobaki nyeusi na nyeupe. Karibu zote ni za nyuso na mikono kwa karibu. Hakuna hata moja ya kundi, ya maua wala ya ukumbi, maana huko rangi ndiyo tuliyoihangaikia.

Kati ya hizo 14, moja haikuchaguliwa na mtu. Ni ile ya baba na miwani yake, nami naiona kuwa bora kuliko zote zilizopigwa siku ile, kwa hiyo tuliikuza tukaiweka kwenye fremu. Leso anayofutia miwani haionekani katika picha nyingine yoyote. Mimi nakumbuka ilikuwa ya samawati, mama anashikilia kuwa ilikuwa ya kijani, na baba anasema hana hakika kama ilikuwa yake.